Injini ya CG125 iliyojamu miaka saba: nimeifungua, nimeifunga, sasa inafuka moshi

Nati Kumi

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, hatudaiani.

Nina pikipiki ya Honda CG125 ya zamani, ile ya platini (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche), kabla ya mambo ya CDI, yaani cheche za kielektroniki. Ilikaa chini ya turubai miaka saba. Kuna mtu alitoa plagi aangalie moto, akaitwa, akaondoka bila kuirudisha. Mtu huyo ni mimi. Turubai likatoboka, maji yakaona tundu la plagi liko wazi, yakaingia. Siku nilipokuja kukanyaga kiki ilikuwa kama kukanyaga kisiki.

Nimeikarabati mwenyewe gereji ya nyumbani. Imewaka, ila inafuka moshi wa bluu mpaka aibu. Naeleza nilichofanya chote ili mwenye jicho anionyeshe nilipojikwaa.

Kwa wasioifahamu hii injini: ilitoka 1976, na Honda waliitengeneza wakijua itaenda kwa watu wanaoendesha kila siku na kumwaga oili wakikumbuka. Haina cheni ya kemu (kemu ni shafti inayofungua valvu). Kemu iko chini, inazungushwa na gia, inainua valvu kwa fimbo mbili ndefu zinazopanda pembeni mwa silinda. Na kemu yenyewe ina nundu moja tu, valvu zote mbili zinakula hapo hapo. Nilipoiona kwa macho nilicheka peke yangu. Silinda ni milimita 56.5, pistoni inatembea milimita 49.5, ukipiga hesabu unapata sisi (cc) 124.

Kuiachia pistoni kwanza. Nusura niruke juu ya kiki kwa uzito wote, ila nikajizuia. Pistoni iliyoshikwa na kutu haiachii kwa hasira, kinachoachia ni meno ya gia ya kiki. Nilimimina dizeli na oili ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, kupitia tundu la plagi mpaka ikajaa. Siku ya kwanza hadi ya nne hakuna kitu. Siku ya sita nikamulika tochi, nikaona kimiminika kimeshuka. Hapo nikajua kinapita kwenye ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni. Nikaweka gia ya juu kabisa, nikashika tairi la nyuma, nikawa naliyumba mbele na nyuma, kidogo kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto. Siku ya tisa likasogea upana wa ukucha. Baada ya hapo ilikuwa dakika kumi.

Kuivua bloku nikakuta ukanda wa kutu katikati, umezunguka silinda yote pale ringi zilipolala miaka saba. Kucha ikipita inakwama.

Hapa ndipo nilipopata somo la kwanza. Nilikuwa nimeshanunua ringi za saizi ya asili kabla ya kupima chochote, kwa matumaini tu. Nilipopima kwa mikromita, sehemu tatu kwenda chini na pande mbili kila sehemu, majibu yakawa hivi: juu, mbele kwa nyuma, 56.64. Juu, kushoto kwa kulia, 56.58. Chini kabisa 56.51. Yaani silinda imekuwa yai. Ndivyo inavyokuwa, kwa sababu konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki, shafti kuu ya injini) ikilala inaisukuma pistoni kwenye ukuta wa mbele na wa nyuma, na juu ndiko moto uliko na oili ni kidogo. Injini ndogo kama hii ikishapita sehemu moja ya kumi ya milimita juu ya saizi yake, imefika mwisho. Zile ringi ziko kabatini mpaka leo, mpya, kwenye karatasi yake.

Ovasaizi (pistoni kubwa kuliko ya asili) ya 0.25 isingefuta vile vishimo vya kutu. Nikaenda 0.50. Nilinunua pistoni kwanza, nikaipeleka pamoja na bloku kwa mchongaji, kwa sababu silinda inachongwa kufuata pistoni, haichongwi kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi. Iliporudi nikaipima mwenyewe: nafasi kati ya pistoni na ukuta 0.03, juu hadi chini, pande zote. Kazi safi. Sasa ni sisi 126 na kidogo, kama kuna mtu anajali.

Naendelea baadaye, mikono ina grisi.

Tapeti Mbili

Mkuu umenikumbusha yangu, ilinoki kwa mtindo huo huo. Swali: kasha la chini (lenye krenki) umefungua, au umefanya juu tu? Maji yakiingia kwenye silinda hayaishii hapo.

Bisibisi Butu

Juu tu inatosha. Konrodi kama haichezi, kufungua kasha ni kujitafutia kazi.

Nati Kumi

Nilikuwa na mawazo kama ya Bisibisi. Nilishika konrodi, nikaivuta juu na kuisukuma chini, hakuna hata chembe ya mchezo. Kushoto kulia inatembea, lakini hiyo ni kawaida yake, ndivyo ilivyoumbwa. Nikasema Alhamdulillah, chini kuzima.

Kisha nikazungusha krenki kwa kidole, taratibu, sikio nimeliweka kwenye kasha. Kuna mahali ilikuwa inasema krr. Inanyamaza, inasema tena pale pale. Beringi nzima haisemi chochote. Nikafungua.

Beringi moja ya krenki ilikuwa na doti za kutu kwenye njia ya gololi, kila doti imekaa pale gololi iliposimama. Ningefunga juu tu, hiyo beringi ingelia ndani ya wiki, na pistoni mpya ingebidi itoke tena.

Kabla sijafika huko ilibidi nivue kile kichujio cha oili cha upande wa klachi. Wengi hawajui kama kipo. CG haina filta ya karatasi. Ina kichujio cha waya chini, na juu ya ncha ya krenki ina kikombe kinachozunguka nayo. Oili ikipita humo, uchafu mzito unatupwa pembeni na kuganda ukutani. Nilipofungua kifuniko chake nilidhani nimekosea, kwamba ni kipande cha chuma kisicho na uwazi. Kumbe ni uchafu, umejaa, umebana, rangi ya risasi, laini kama udongo wa mfinyanzi. Niliukwangua kwa kijiti cha mti, ukawa unatoka vipande vilivyopinda kama maganda. Ndani yake kuna chembe zinazometameta ukiuelekeza kwenye mwanga. Hayo ndiyo maisha yote ya ile pistoni ya kwanza.

Nati inayoshika hicho kikombe ina mikato minne na inataka soketi yake maalumu. Tafadhali msiipige kwa patasi. Aliyenitangulia aliipiga, na alama zake nimezikuta.

Kuingiza beringi mpya: nilikuwa naogopa sana, kumbe ni sehemu rahisi kuliko zote. Beringi zimelala friza usiku mzima ndani ya mfuko wa plastiki. Kasha nimeliosha hadi likaisha harufu ya petroli, nikalipasha kwenye oveni nyuzi 110 za Selsiasi, nusu saa. Aluminiamu inapanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 52 likipata nyuzi 80 za ziada linaongezeka karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na hiyo inatosha kabisa. Tone la mate likichemka juu ya kasha, tayari. Beringi ikadondoka yenyewe, ikasema *tok*. Sikugusa nyundo. Ukisikia *tok* umeshapata, ukisikia kimya imekaa upande, itoe upesi kabla joto halijahama.

Namba ya beringi imeandikwa pembeni mwake, nunua hiyo hiyo. Kama ya zamani ina herufi C3 mwishoni, na mpya iwe na C3. Ni nafasi ya ndani iliyoongezwa makusudi, kwa sababu beringi ikibanwa na kupata joto inajifinya.

Dada Spana

Oveni ya kupikia? Mwenye nyumba alikuwepo?

Utani pembeni. Wanaosoma huu uzi wakitaka kuanza, naongeza mawili ambayo kaka hakuyataja. Moja, zile skrubu za vifuniko vya injini za Kijapani zinafanana na za nyota za kawaida, lakini si zenyewe. Ni za kiwango cha JIS. Bisibisi ya kawaida inakaa juu juu, ukikaza mkono inaruka na kula kichwa. Tafuta bisibisi ya JIS, au ile ya kugonga kwa nyundo inayozunguka yenyewe. Kabla ya kuizungusha, gonga kichwa cha skrubu mara mbili tatu ili kutu ikatike. Nimeokoa skrubu nyingi kwa njia hiyo, na nilizoharibu zote nilikuwa na haraka.

Pili, gasketi za zamani. Injini ya miaka hiyo inaweza kuwa na gasketi yenye asbesto ndani, hata sahani za klachi na viatu vya breki. Usizikwangue kavu, usipitishe brashi ya waya ya mashine. Lowesha kwanza, kwangua kwa plastiki au mti, zile takataka zifunge zikiwa mbichi. Vumbi lake halionekani na halitoki kifuani.

Nati Kumi

Dada, mwenye nyumba hakuwepo, na naomba tuishie hapo.

Asante kwa la asbesto, mimi nilikwangua kavu kwa kisu, sikujua. Hata kifuniko cha upande wa klachi nilikikwaruza kwa kile kisu, ikabidi nikisawazishe kwa msasa juu ya kioo.

Hedi (kichwa cha silinda) sasa. Bolti moja ya bomba la moshi ilikatika usawa wa hedi. Sikuitoboa. Nilimpa mwenye mashine ya kuchomelea akaweka nati juu ya kile kisiki, akachomelea kwa ndani, joto lenyewe likailegeza. Ikatoka kwa spana kama haijawahi kuwa na ubishi.

Valvu nimesaga kwa mkono, pasta kidogo, fimbo yenye mpira, viganja viwili kama mtu anayepekecha moto. Mchanga wa pasta unasikika mwanzoni, kisha sauti inalainika, ndipo unainua, unageuza kidogo, unarudia. Nimeacha pale mstari wa kijivu ulipoenea mzunguko mzima bila kukatika, upana kama milimita moja na robo. Kupima: nimefunga valvu na springi, nikageuza hedi, nikamimina petroli kwenye njia za hewa na za moshi. Baada ya robo saa upande wa kuingiza ulikuwa mkavu. Upande wa moshi tone moja. Nikasaga tena huo mmoja.

Kuosha bloku baada ya kuchongwa: maji ya moto na sabuni, siyo petroli. Petroli inaondoa oili, lakini ule unga wa jiwe unabaki kwenye mikwaruzo, na ni msasa huo. Nilisugua hadi kitambaa cheupe kikatoka cheupe, nikakausha, nikapaka oili papo hapo. Ukichelewa dakika chache tu, silinda inaanza kupata rangi ya chai.

Ringi nimezisukuma ndani ya silinda kwa pistoni yenyewe ili zikae sawa, nikapima mwanya kwa fila (visahani vyembamba vya kupimia): 0.20 ya juu, 0.20 ya pili. Midomo (pale ringi inapoachana) nimeitawanya, isikae mstari mmoja. Klipu za pini ni mpya, midomo yake haielekei kwenye ule mkato wa pistoni. Tundu la kasha niliziba kwa kitambaa kabla ya kugusa klipu, kwa sababu klipu ina akili zake.

Nukta za gia ya kemu na ya krenki zimekutana. Hedi imekazwa kwa torki, msalaba, awamu tatu. Tapeti (nafasi ya valvu) 0.08 zote mbili, injini ikiwa ya baridi. Platini 0.35, na zinaanza kuachana pale alama ya F (ya kuwasha cheche) inapofika, nimeangalia kwa taa. Kabureta sina la kusema, nimeloweka, nimepuliza, imekubali.

Kiki ya nne ikawaka. Sitawadanganya, nilipiga kelele.

Dakika mbili za kwanza moshi niliutarajia, kuna oili ya kufungia silindani na bomba lenyewe lina uchafu wa zamani. Dakika ya kumi bado. Nikaipeleka mzunguko mfupi. Ukivuta mafuta, wingu la bluu. Plagi nimeitoa, imelowa oili nyeusi. Nimepima kompresheni, injini ya moto, mkono wa mafuta umefunguliwa wote: kilo 11 kwa sentimita ya mraba. Hiyo ni nzuri! Sasa oili inapita wapi?

Bisibisi Butu

Mchongaji kakupiga. Kachonga kubwa, kakuonyesha maneno. Rudi naye kwa sauti ya juu.

Tapeti Mbili

Moshi mpya mpya ni kawaida, ringi hazijakaa. Tembea nayo kilomita mia mbili utasahau.

Dada Spana

Tapeti, ringi ambazo hazijakaa zinavusha na kompresheni pia, na yeye ana kilo 11. Kaka, moshi unatoka lini hasa? Ukiachia mafuta kwenye mteremko kisha ukavuta tena, ndipo unatoka pumzi moja kubwa? Hapo ningesema njia za valvu. Au unatoka muda wote unapovuta?

Nati Kumi

Muda wote ninapovuta. Mteremko haubadilishi kitu. Na Bisibisi, silinda nilipima mwenyewe kabla ya kufunga. Siwezi kwenda kumgombeza mtu kwa kipimo nilichokisoma kwa macho yangu.

Mzee Kabureta

Kijana, ringi ya pili. Ile herufi ilitazama wapi?

Nati Kumi

Shikamoo mzee. Herufi ipi?

Mzee Kabureta

Marahaba. Basi fungua.

Bisibisi Butu

Hahaha mzee hana maneno mengi. Ila tuelezee na sisi, kompresheni iko vizuri, ringi itakuwaje imekosewa?

Mzee Kabureta

Ringi ya juu ndiyo inashika moto. Ya pili kazi yake kubwa ni kupangusa oili inayobaki baada ya ile ya chini. Kwa jicho unaona bapa, lakini uso wake una mteremko mdogo, makali yako chini. Pistoni ikishuka, makali yanakwangua oili kwenda kasha. Ikipanda, uso unateleza juu ya utando wa oili. Ukiigeuza, inafanya yote hayo kinyume: ikishuka inaiacha oili, ikipanda inaikwangua kwenda kwenye moto. Inakuwa pampu. Kompresheni haitakwambia kwa sababu ya juu ni nzima, na hiyo oili yenyewe inasaidia kuziba.

Karibu na mdomo wa ringi kuna alama. Herufi, au nukta. Inatazama juu, kwenye hedi. Nyingi huwa hivyo, ila soma karatasi iliyokuja nazo. Na usichanganye ya juu na ya pili, mara nyingi ya juu inang'aa na ya pili ni nyeusi.

Nati Kumi

Nimerudi. Nimekaa siku tatu kimya kwa sababu gasketi ya hedi na ya chini ya bloku zilishabanwa mara moja, ilibidi nipate nyingine.

Nilivua bloku mchana, jua linaingia mlangoni. Nikafuta pistoni kwa kitambaa. Ringi ya juu, herufi iko juu, safi. Ya pili hakuna herufi. Nikazungusha pistoni kutafuta mdomo, nikaukuta, hakuna kitu. Nikasema mzee leo kakosea. Nikaitoa kwa vidole, nikaigeuza. Herufi ndogo kuliko punje ya mtama, upande wa chini, inatazama krenki.

Nilikumbuka hata ilivyotokea. Ringi ya juu niliivaa kwa umakini wote. Ya pili iliruka mkononi, ikaanguka mezani, nikaiokota na kuendelea. Sikuangalia tena. Nilipima mwanya wake kwa fila hadi sehemu ya mia ya milimita, sikuangalia uso wake.

Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia ule mteremko unaonekana kabisa. Baada ya zile dakika chache za kutembea, kingo moja imeshaanza kung'aa, mstari mwembamba kama uzi, na sehemu nyingine ya uso bado ina rangi yake nyeusi. Hiyo kingo inayong'aa ndiyo makali. Ilikuwa juu.

Nimeigeuza, nimefunga. Silinda haina mkwaruzo, mistari ya mchongaji bado inaonekana inakatizana vizuri. Mchongaji hana kosa hata la nywele.

Kiki ya pili. Moshi ulitoka kama dakika sita, ile oili iliyojaa kwenye bomba ikiungua, ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Nikavuta mafuta. Hakuna. Nikashika karatasi nyeupe nyuma ya bomba, imepata unyevu tu.

Dada Spana

Hongera kaka. Mzee, heshima yako.

Usiiache inaunguruma tu imesimama ukidhani unaitunza. Ringi zinakaa kwa kusukumwa na moto, na moto upo ukiwa na mzigo. Pandisha, achia, pandisha, achia, usikae mwendo mmoja. Oili ya kwanza imwage mapema.

Nati Kumi

Nimefanya hivyo. Oili ya kwanza nimemwaga kilomita 50, ina vumbi la kung'aa kama rangi ya kucha. Ya pili kilomita 300, karibu safi. Natumia ya pikipiki yenye maandishi JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo. Nilikuwa na galoni la oili ya gari, ile ya kuokoa mafuta, nikakumbuka lina vilainishi vya kupunguza msuguano. Klachi bila msuguano ni mapambo.

Tapeti nilizipima tena kilomita 100, asubuhi, kabla haijaguswa. Ya kuingiza imebaki 0.08. Ya moshi imebana hadi 0.05, nahisi ile valvu niliyoisaga mara mbili imejikalia vizuri. Nimeirudisha. Kilomita 300 haijasogea.

Bisibisi Butu

Wakuu, naomba niingie na langu kwa unyenyekevu. Yangu inakula oili tangu nilipoifunga mwezi wa pili, na kuna mtu nilimlaumu sana. Baada ya kusoma hapa nimeivua jana usiku. Herufi iko chini. Zote mbili.

Nimetembea nayo kama kilomita elfu mbili hivyo hivyo. Nageuza hizo hizo, au nanunua mpya?

Mzee Kabureta

Nunua mpya. Za Nati zilitembea dakika chache, zako makali yameshalika na kujitengenezea uso mwingine. Pima silinda kwanza kabla hujaenda dukani. Kama haijapanuka, ipitishe jiwe la kusugulia kidogo, upate mikwaruzo ya kukatizana ringi mpya zikae, uoshe kwa sabuni kama kijana alivyosema.

Na huyo mtu uliyemlaumu, mpigie simu.

Bisibisi Butu

Nimeshampigia. Kasema nilete bloku aipime.